Kusuluhishana na Serikali Si Kuuza Kesi

Huku Subukia, jaji akimwelekeza aliyeishtaki serikali apitie kwa mpatanishi kwanza, minong'ono huanza: kesi imekwisha, wakubwa wameshaongea. Maneno haya yanawapotosha watu ambao tayari wameumia.

Wanasema korti inakwepa kazi yake. Sivyo. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza mahakama ikuze upatanishi. Mkishindwa kuelewana, faili hurudi kwa jaji. Mkielewana, makubaliano husajiliwa kortini na kupata nguvu ya hukumu. Ila hayakatiwi rufaa, kwa hiyo asitie sahihi mtu ambaye hajasomewa kila mstari kwa lugha anayoielewa.

La pili ndilo linaloniuma zaidi: "Ngoja hukumu, serikali italipa kila senti." Kifungu cha 21 cha sheria ya kesi dhidi ya serikali kinazuia mali yake kukamatwa: dalali wa korti anaweza kuchukua ng'ombe wako, lakini si gari la wizara. Unatafuta cheti cha deni, unakipeleka, unangoja, kisha unarudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe. Na hapo hujakatiwa rufaa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi, walishtaki 2016, wakapewa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka minane, na wengine ni wagonjwa.

Eti makubaliano huficha ukweli? Yanaweza, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini wazee wa Mau Mau walioteswa enzi za ukoloni walipatana na Uingereza baada ya jaji wa London kukataa kesi yao itupwe. Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alitangaza bungeni pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, akakiri mateso yalitendeka. Kundi la baadaye, watu wapatao 40,000, kesi yao iliendelea, wakashindwa 2018. Fidia inayotoka serikalini ni pesa ya umma. Ili ukweli usifichwe, masharti yake yasomwe mbele ya watu.

Mwisho, wanasema kwamba upatanishi huwaokoa wahalifu. Bwawa la Patel lilipopasuka kule Solai, jirani zetu, Mei 9, 2018, watu zaidi ya 40 walikufa. Kesi ya jinai ilitupwa Naivasha Februari 2020, na Mahakama Kuu ikaamuru ianze upya. Mashtaka ya jinai huwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Sahihi ya mfiwa kwenye karatasi ya fidia haiyafuti.