Sheria ya habari haina chama

Desemba 26, 2018, siku nne tu kabla ya kura, Tume huru ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba wakaaji wa Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019, sawa na wale wa Yumbi huko Mai-Ndombe. Kwa upande wa Beni na Butembo, sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Lakini Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa rais Januari 24, kabla ya zamu yao kufika. Wapiga kura zaidi ya milioni moja hawakuwa na sauti katika kumchagua.

Desemba 30, raia wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono na kupiga kura waliyoiandaa wenyewe, wakijua kwamba haitahesabiwa. Kesho yake intaneti ilikatwa nchini kote na matangazo ya RFI yakazimwa. Wapinzani walisema ni njama ya kuficha matokeo. Watetezi wa serikali ya Joseph Kabila wakajibu kwamba ni kulinda usalama na kuzuia habari za uongo.

Miaka zaidi ya sita baadaye, mchezo umegeuka. Mwanzoni mwa Juni 2025, baraza linalosimamia vyombo vya habari, CSAC, lilikataza kwa siku 90 kutangaza shughuli za Kabila na kuwapa nafasi watu wa chama chake, PPRD. Safari hii watu wa Kabila ndio waliolilia uhuru wa habari, na walio madarakani ndio waliotaja usalama. Naye Corneille Nangaa, aliyekuwa mkubwa wa CENI mwaka 2018, leo anaongoza AFC, muungano wa waasi ulio pamoja na M23. Sheria imekuwa kama koti: kila mmoja anaivaa baridi inapomshika, jua likitoka anaivua.

Kuna wanaosema kwamba nchi iko vitani, na mwenye kushirikiana na waasi hastahili kupewa redio. Hofu hiyo si ya bure. ADF wanaua raia wa Beni tangu mwaka 2014, na Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025. Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 6, 2021.

Lakini sheria tayari inaadhibu anayechochea chuki au uasi. Inaadhibu neno lililosemwa na tendo lililofanyika, mbele ya mahakama. Kunyamazisha chama kizima ni jambo lingine, na vifungu vya 23 na 24 vya Katiba vinalinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Zaidi ya hayo, katazo la namna hiyo linamfunga hata anayetaka kumuuliza Kabila maswali magumu. Mkaaji wa Beni ana haki ya kusikia nani aliamua kumnyima kura, na kwa nini. Kwa siku 90, hakuna redio iliyoruhusiwa kuwauliza watu wa PPRD swali hilo.

Redio ikinyamaza, watu hawanyamazi. Wanahamia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hakuna anayehakikisha habari wala anayetoa haki ya kujibu. Beni inajua gharama yake. Baada ya kura kuahirishwa, wengi waliamini kwamba Ebola ni mbinu ya siasa, na siku iliyofuata waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini humo. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha Juni 2020.

CSAC inapaswa kumwadhibu anayevunja sheria, kwa kosa linalotajwa wazi, bila kuangalia kadi ya chama chake. Redio za Beni na Butembo nazo zitoe nafasi kwa pande zote, hata kwa wasiopendwa mtaani. Na kila mfuasi wa chama, kabla ya kushangilia katazo, ajiulize: je, angelikubali kama lingetoka kwa mpinzani wake? Wakaaji wa miji hii wameonja katazo la utawala wa jana na la utawala wa leo. Wanangojea uchaguzi wa 2028, na safari hii wanataka kusikia kila mgombea kabla ya kuchagua.