Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni raia nisiyeona. Tovuti za serikali nazisoma kwa masikio, kwa kutumia NVDA, programu ya bure iliyoasisiwa na vijana wawili wasioona wa Australia. Programu hiyo husoma kilichoandikwa. Shida ni kwamba matangazo yetu mengi yamepigwa picha.

Utaratibu unaujua. Karani anachapa tangazo, linatolewa kwenye karatasi, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, ndipo linapandishwa mtandaoni. Kwa mwenye macho huo ni waraka rasmi. Kwangu programu inataja jina la faili, kisha kimya. Maneno yalikuwamo kwenye kompyuta ya karani tangu asubuhi. Muhuri ndio ulioyafuta.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Watatoka wapi, ikiwa tangazo la kazi lenyewe hawawezi kulisoma? Na ukilipata, fomu inakudai unakili herufi zilizopindishwa kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Namwita kijana wa jirani. Akishakaa kwenye kiti changu, nywila yangu si siri tena.

Naomba kila tovuti ya serikali iwe na tamko la ufikivu. Sisemi lile la “tunawathamini wananchi wote”. Hayo tumeyasikia, ahsante. Uingereza, kwa kanuni za 2018, taasisi ya umma hulazimika kutaja kipi kwenye tovuti yake hakifikiki, kwa nini, mtu akipateje kwa njia nyingine, na amlalamikie nani. Kuorodhesha kasoro zako hadharani kunasukuma kazi kuliko semina.

Nguvu unayo. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka yako kazi ya kusimamia viwango. Nchi nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inaiweka mifumo ya habari na mawasiliano sambamba na majengo na usafiri.

Viziwi wana madai yao, na ni marefu. Kwa leo anza na agizo moja: kila waraka wenye muhuri upandishwe pamoja na nakala yake ya maandishi.

Nasubiri jibu lako. Tafadhali, lisije limeskaniwa.