Kanisa la Amani na Jiwe Lililosubiri



Taifa lililopata uhuru hutamani alama ya kuonekana, na mara nyingi alama hiyo huwa nyumba ya ibada. Tamaa hiyo si dhambi. Ulaya ilijenga makanisa yake makuu huku wakulima wake wakiwa fukara. Kwa nini Mwafrika pekee aambiwe asali chini ya makuti? Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, Basilika la Bikira Maria wa Amani mjini Yamoussoukro, nchini Kodivaa, linatufundisha kwamba haitoshi.

Yamoussoukro, alikozaliwa Rais Félix Houphouët-Boigny, palifanywa mji mkuu mwaka 1983. Ujenzi wa basilika ulianza 1985 ukamalizika 1989. Urefu wake hadi msalabani ni mita 158. Rais alisema ni sadaka yake mwenyewe. Lakini mwaka 1987 serikali yake ilisimamisha malipo ya madeni ya nje, na mwaka 1989 bei ya kakao aliyolipwa mkulima ilipunguzwa kwa nusu. Mkulima huyo hakuulizwa alama ya taifa lake iwe ipi.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikubali kulipokea kanisa hilo kwa sharti kwamba hospitali nayo ijengwe karibu. Tarehe 10 Septemba 1990 alilitabaruku, akabariki na jiwe la msingi la hospitali. Kanisa lilijengwa kwa miaka minne tu. Hospitali ilifunguliwa mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2002, nchi yenye kanisa kubwa la Amani iligawanyika kwa vita, kaskazini na kusini.

Maandiko yalikwisha kutuonya. Sulemani alijenga Hekalu kwa kazi ya shokoa. Alipokufa, makabila kumi yalijitenga. Jengo, hata liwe takatifu, haliwezi kuwaunganisha watu waliotenganishwa na dhuluma.

Viongozi wa walei, jambo hili si la marais peke yao. Nasi tunajenga makanisa ya parokia, na michango yake huwafikia hata wajane. Basi kabla ya kuchimba msingi, jumuiya ndogo ndogo ziulizwe, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Na palipo na mawe mawili, la kanisa na la zahanati, yainuliwe pamoja. Mgonjwa asiachwe kusubiri miaka ishirini na minne.