Skani Ilisema Niko Sawa

Msomaji, kama kila mwezi unajikunja kitandani ukingoja dawa ya maumivu ishike, na ukienda kliniki unaambiwa "hiyo ni hedhi tu", hii ni yako.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, sitadanganya, lakini ile mitihani miwili niliyokosa nilikuwa hosteli na chupa ya maji moto tumboni. Mhadhiri alitaka barua ya daktari. Daktari alikuwa ameangalia skani akaandika: kawaida. Sasa hapo utabishana na nani?

Kumbe skani safi haimaanishi huna kitu. Endometriosi ni tishu inayofanana na ile ya ndani ya uterasi kuota nje yake: kwenye ovari, matumbo, hata kibofu. Skani inaweza kuonyesha uvimbe kwenye ovari, lakini vidoa vidogo vilivyotawanyika mara nyingi haivioni. Ndiyo maana daktari wa wanawake anayejua kazi yake huanza na maswali. Maumivu yalianza lini? Unaumia ukienda haja? Wakati wa ngono? Anaweza kuagiza MRI, ama laparoskopi, yaani kamera inapitishwa kwa tundu dogo kitovuni na kipande cha tishu kinapelekwa maabara. Lakini si lazima ungoje kupasuliwa ndio utibiwe. Dalili zikielekea huko, dawa zinaweza kuanza.

Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu huwapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa. Fanya hiyo hesabu na darasa lenu.

Tiba ya kuumaliza kabisa haipo. Kuna dawa za maumivu, kuna vidonge au koili ya homoni (mwambie mama mapema ni matibabu, kabla hajaviona kwa mkoba), na kuna upasuaji wa kutoa tishu zenyewe, ingawa zinaweza kurudi. Ile ya shangazi ya "zaa tu, itaisha" si tiba.

Mtangazaji Njambi Koikai, Jahmby wetu wa rege, ulimfika hadi mapafuni. Alitibiwa Marekani, akarudi akiusema waziwazi, akafariki Juni 2024. Wengi wetu tulijua jina la haya maumivu kupitia kwake.

Kwa hivyo andika kwa simu yako: tarehe, uliumia kiasi gani, ulimeza nini, ulikosa nini. Yangu nilimpelekea daktari wa pili. Aliisoma kimya, kisha akaniuliza mbona nimechelewa hivyo.