Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii niliwafundisha walimu wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka wengi wao waliielewa nusu. Walidhani inasifu ukarimu wetu. La hasha! Methali hii inaweka sharti. Mgeni anakaribishwa kwa moyo mkunjufu, lakini ujio wake unatazamiwa uwe nafuu kwa aliyemkaribisha. Nami nasema bila kuuma maneno kwamba hoteli nyingi za kifahari katika fukwe za Unguja zimeshika nusu ya kwanza ya methali na kuitupa nusu ya pili baharini.

Sisemi kwa kusikia. Wanangu walichanga fedha wakatulipia, mimi na mama yao, siku nne katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Kila kitu kilikuwa kimelipiwa tangu mwanzo: chakula, vinywaji, hata kitanda cha kulalia juani. Tulivishwa utepe mkononi ili tujulikane kuwa ni watu wa ndani. Shuka zilikuwa nyeupe, na vijana waliotuhudumia walikuwa waungwana. Sina ugomvi na starehe. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima Ulaya au Dar es Salaam ana haki ya kupumzika mbele ya maji mazuri. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayelipia mapumziko hayo.

Kwanza, pwani. Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamekupwa, na wanawake wa kijiji jirani walikuja na magunia ya mwani vichwani. Kilimo hiki kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na wakulima wake wengi tangu hapo ni wanawake. Kwa fedha yake wengi wamenunua bati, madaftari na sare za shule bila kumpigia mtu magoti. Askari wa hoteli aliwazuia wasipite mbele ya vitanda vya wageni, akawaonyesha njia ya nyuma ya ukuta. Nilimfuata nikamuuliza kwa nini.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi nimeamrishwa tu. Kazi yenyewe nimeipata juzi."

Sikumlaumu kijana yule. Nilimuuliza mmoja wa wale wanawake kama njia ya nyuma ni ndefu. Akanijibu, "Tushazoea, babu. Lakini bahari haitungoji." Msomaji, lipime jibu hilo. Mkulima wa mwani hafanyi kazi kwa saa ya ukutani, bali kwa kupwa na kujaa kwa maji. Anapozungushwa nyuma ya ukuta na gunia bichi kichwani, muda anaoupoteza haurudi mpaka kesho maji yakipwa tena. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwekezaji hukodishwa, hauziwi. Je, ni nani aliyemkodisha bahari?

Pili, maji ya kunywa. Upande ule wa kisiwa ni nchi ya maweni. Hakuna mto, maji yaliyopo ni yale yaliyo chini ya mawe, na yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya chumvi huingia mahali pake. Mwaka 2012 shirika moja la Uingereza lililoitwa Tourism Concern lilichapisha uchunguzi uliohusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Lilikuta kwamba kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 hivi kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Chumba kimoja, maji ya nyumba zaidi ya thelathini! Mimi nilitumia maji hayo. Nilioga mara mbili kwa siku, na bustani iliyokuwa mbele ya dirisha langu ilinyweshwa asubuhi na jioni. Nyuma ya ukuta ule ule watoto walipanga madumu.

Tatu, lugha, na hapa nazungumza kama mwalimu. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa maneno mengine, lugha tuliyoifundisha kutoka Kigoma hadi Lamu ilichotwa katika kisiwa hiki. Sasa, katika kisiwa hiki hiki, vijana waliozaliwa nayo wamefunzwa kumpokea mgeni kwa "Jambo!" na "Hakuna matata!", maneno yaliyoenezwa na nyimbo za kuwafurahisha watalii. Mswahili hasemi "Jambo". Husema "Hujambo?", yaani, je, huna jambo lililokusibu? Naye huyo mwingine hujibu, "Sijambo." Katika maneno hayo mawili kuna mtu anayeuliza hali ya mwenzake na mwenzake anayejibu. Ukikata kipande na kubakiza "Jambo", hakuna swali tena wala jibu. Watu wawili wamepigiana kelele wakapishana.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya mzee mstaafu. Lakini mimi nimeona shuleni kwamba mtoto akifunzwa kusema lugha yake vibaya ili apendeze, kesho yake atakubali mengine mengi ili apendeze. Kijana yule langoni aliacha kuwauliza mama zake hali zao. Akawaonyesha njia ya nyuma.

Hoja kubwa ya upande wa pili naijua, nayo ni ya kweli: hoteli zinaleta ajira. Mwaka 2023 wageni zaidi ya laki sita walifika Zanzibar, nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Bila wageni hao bajeti ya serikali ingeyumba na vijana wengi wangekaa barazani. Simwombi mtu afunge hoteli. Lakini tuwe wakweli: ajira si sadaka ya kumfanya mwenyeji anyamaze. Mkulima anayeajiri vibarua hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuziba kisima cha kijiji. Na hoteli inayomfungia mgeni ndani kwa siku saba, huku kila kitu kimeshalipiwa nchini kwake, inamnyima muuza samaki, mshona nguo na mwenye mgahawa kijijini ile nafuu tuliyoambiwa mgeni ataileta.

Ninachodai si kikubwa. Njia ya mbele ya pwani ibaki wazi kwa wote, usiku na mchana, na ielezwe hivyo katika mkataba. Kila hoteli ifungiwe mita, ilipie maji kwa kadiri inavyoyatumia, na fedha hiyo ivute bomba mpaka kijijini kabla ya kunywesha bustani. Samaki na mboga vinunuliwe kwanza jirani. Na mgeni afundishwe "Hujambo" kamili. Ameweza kujifunza kuzamia chini ya bahari. Silabi tatu hazitamshinda.

Wanafunzi wangu wa zamani, wengi wenu sasa mna vyeo. Wapo madiwani, wapo maofisa ardhi, wapo wanaoketi na wawekezaji mezani. Mtakapofunguliwa ramani yenye bwawa la kuogelea na minazi iliyopangwa kwa rula, msikimbilie kuuliza hoteli itakuwa na vyumba vingapi. Ulizeni wanawake wa mwani watapita wapi. Asiyeweza kulijibu swali hilo, rudisheni ramani yake.