Si Rushwa, Ni Mshahara: Lipa Mbwa Wako

Wacha niseme hii kitu mara moja niimalize. Mbwa anayefanya kazi anafaa kulipwa. Alipwe hapo hapo, na alipwe kitu anachotaka yeye, si kile wewe unadhani kinamtosha. Kama hilo limekuudhi tayari, soma hadi mwisho kwanza, ndio uanze matusi.

Jumapili iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwa kiwanja kimoja huku Juja na mbwa wangu, Njugu. Sisi ni kikundi kidogo tu, watu sita na mbwa saba, wengi wao mbwa wa mtaa wasio na ukoo wowote wa kujivunia. Tunacheza mchezo wa kufuata nyayo. Mtu anatembea kwenye nyasi, anapiga kona mbili tatu, anaacha vitu vidogo njiani, anatoka. Tunangoja. Halafu mbwa anafungwa kamba ndefu, anashusha pua, na anafuata mpaka avipate. Wewe uko nyuma yake na hujui chochote. Ni yeye anajua.

Sasa, nilikuwa nimeinama nikiweka vipande vya maini kwenye nyayo zangu, mzee mmoja anayechunga mbuzi pale akasimama kuniangalia. Akatingisha kichwa.

"Kijana, hiyo mbwa unaihonga."

Mimi nikacheka. Huyo ni mzee, anachunga mbuzi zake, ana haki ya kushangaa akiona msee mzima anapanda maini kwa nyasi saa hizo za asubuhi. Kilichoniuma ni wenzangu wawili, watu wenye mbwa, watu tunaocheza nao kila wiki. Wakasema, "Na si uongo. Mbwa inafaa ikufanyie kazi kwa sababu inakuheshimu."

Maze. Heshima.

Tuanze na hilo neno kuhonga, kwa sababu Wakenya tunalijua vizuri kuliko watu wengi. Rushwa ni pale mtu ana kazi tayari na analipwa kuifanya, halafu wewe unampa kitu kando ili aipindishe. Njugu hana kazi. Hajaandikwa popote. Hakuna siku alikuja kwangu akasema anaota kuwa bingwa wa kufuata nyayo. Mchezo ni wangu mimi, sifa ni zangu mimi, hata picha ni mimi huweka. Yeye cheti hawezi kusoma. Kikombe akipewa atakinusa, na kama hakina supu ataondoka. Sasa mtu ambaye hana faida yoyote kwa hiyo kazi, ukimlipa, unaita rushwa? Huo ni mshahara, buda.

Na ujue kile unamwomba afanye. Usidhani ni kutembea na pua chini tu. Chukua sheria za IGP, ule mchezo uliotoka Ujerumani ambao zamani uliitwa IPO na sasa unasimamiwa na FCI. Daraja la kwanza mbwa anafuata nyayo za mwenyewe, hatua kama 300, kona mbili, vitu viwili vya kutafuta, na nyayo zimekaa dakika 20. Akifika daraja la tatu ni nyayo za mtu asiyemjua, hatua kama 600, kona nne, vitu vitatu, na zimekaa saa nzima. Vitu vyenyewe ni vipande vya ngozi, kitambaa ama mbao vya sentimita 10 hivi. Unamfuata kwa kamba ya meta 10. Alama ni 100, na ukikosa 70 umeanguka. Na hawaangalii tu kama amefika. Wanaangalia venye alifika: pua chini kabisa, mwendo mmoja, hatua kwa hatua, na kila kona ageuke pale pale mtu aligeuka.

Fikiria hiyo ni nini kwa kiumbe mwenye pua kama ile. Wewe na mimi tuna vipokezi vya harufu milioni tano hivi. Mbwa ana zaidi ya milioni mia moja. Kwa hicho kiwanja kuna mbuzi zimepita, kuna mfupa wa mtu aliyekula nyama choma jana, kuna mbwa jike alikojoa pale kando ya ua. Yote hayo yanamwita. Na wewe unamwambia aachane nayo, afuate nyasi iliyokanyagwa, udongo uliovurugwa, na vipande vya ngozi vya mwili ambavyo mtu huvimwaga akitembea bila kujua. Hiyo ndiyo njia yenyewe. Haionekani, na jua likipanda inazidi kufifia. Ndio maana tunaamka mapema, umande ukiwa bado uko chini.

Kwa hiyo lazima hiyo njia iwe na maana kwake. Hapo ndipo maini yanaingia.

Hivi ndivyo inafanywa. Unaanza kwa kukanyaga kakipande kadogo ka nyasi, kama meta moja kila upande, na unamwaga chakula humo ndani. Mbwa anafika, ananusa, anapata, ananusa tena, anapata tena. Akili yake inashika: pale nyasi imekanyagwa kuna chakula, pale haijakanyagwa hakuna. Halafu unatembea hatua fupi fupi kwa mstari, kila unyayo kipande kimoja. Vipande viwe vidogo, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, ameze bila kusimama kutafuna. Mimi nilianza na smoki za mia nikagundua zina chumvi sana, nikahamia maini ya kuchemsha. Kuna mwenzetu hutumia omena. Harufu ya omena utaisikia wewe mwenyewe kabla ya mbwa, lakini inafanya kazi.

Wiki zikienda unapunguza. Unyayo mmoja una kitu, miwili haina, mmoja unacho, mitano haina. Kabla ya kona unaacha kidogo, baada ya kona unamwekea kitu ili ajue ameamua vizuri. Na kile kipande cha ngozi ama kitambaa unakifunza kando: akikipata analala chini, na wewe unatembea mpaka hapo, unamlipa katikati ya miguu yake ya mbele, juu ya hicho kitu. Humuiti aje kwako. Malipo yako pale kazi iko. Ukichelewa hata sekunde chache, mbwa ashainua kichwa, ashaangalia mbuzi, na wewe umemlipa kwa kuangalia mbuzi.

Sasa nikubali kitu, kwa sababu sitaki mtu adhani nilizaliwa nikijua haya.

Njugu akiwa na miezi minane nilimlipa mwalimu wa mbwa. Pesa ya wiki mbili ya kazi yangu. Huyo jamaa alikuja na mnyororo wa kukaba na sera moja tu: mbwa akiinua pua, vuta. Akitoka kwa njia, vuta kwa nguvu. Alipitisha kamba chini ya mguu wa mbele ili akivuta, kichwa kiende chini. Aliniambia mbwa wa mtaa ana kichwa kigumu na ndivyo wanafunzwa. Nilimwamini. Na alipoondoka niliendelea mwenyewe mwezi mzima. Mimi. Kwa mkono huu.

Unajua nini kilifanyika? Kwa macho ilikaa imefaulu. Pua ilikuwa chini. Nilichukua video, watu wakapenda. Lakini siku moja nilitoa ile hanesi kwa msumari na Njugu akaenda nyuma ya mtungi wa maji, akajikunja, akakojoa. Mbwa wa mwaka mmoja, ndani ya nyumba, alikojoa kwa sababu ameona hanesi. Nilikaa chini hapo sakafuni muda mrefu. Sikuwa nimemfundisha kufuata nyayo. Nilimfundisha kwamba ardhi ni mahali pa maumivu, na ukiiangalia sana labda utasamehewa.

Hii njia ya kuvuta haikuletwa na huyo jamaa. Konrad Most, afisa wa polisi Ujerumani, aliandika kitabu cha kufunza mbwa mwaka wa 1910, na mbinu za kulazimisha zilizomo zilienea kwa majeshi na polisi kwa miaka mingi. Ni zaidi ya miaka mia moja. Tumebadilisha simu, tumebadilisha pesa, lakini mbwa bado tunamfunza kama ni 1910 na tunaita hiyo nidhamu.

Na kuna watu wamepima hii kitu. Mwaka wa 2020 Ana Catarina Vieira de Castro na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa 92 kutoka shule za kufunza mbwa huko Ureno. Wale waliofunzwa kwa adhabu walionyesha dalili nyingi za msongo wakati wa mazoezi, na homoni ya msongo kwa mate yao ilipanda baadaye. Hata walipopewa bakuli ambalo hawajui kama lina chakula, waliofunzwa kwa adhabu nyingi walilikaribia kama mtu aliyezoea kukosa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walilinganisha mbwa waliofanya mazoezi ya kunusa na wale waliofunzwa kutembea kando ya mwenyewe. Baada ya wiki mbili, wa kunusa walikuwa na matumaini zaidi kwa jaribio kama hilo la bakuli. Yaani kazi yenyewe inamfurahisha. Unahitaji kipaji kweli kuchukua kitu mbwa anakipenda hivyo na kukigeuza kiwe mateso.

Najua jibu lenu, na ni jibu zuri, sitalikimbia. Mnasema: siku ya mashindano chakula hakiruhusiwi. Huwezi kuingia uwanjani na maini mfukoni. Sasa mbwa aliyezoea kulipwa atafanya nini hatua 600 bila kitu?

Atafanya kazi. Na sababu yake mnaijua, kwa sababu nusu yenu mnabeti. Ukilipwa kila mara, siku moja ukikosa unaacha. Ukilipwa mara moja moja, bila kujua ni lini, unaendelea hata ukikosa mara ishirini. B. F. Skinner alionyesha hilo kwa njiwa na panya zamani, na kampuni za kubeti zinaishi kwa hilo hadi leo. Tofauti ni kwamba kampuni ya kubeti inataka ukose. Mimi nataka Njugu apate, na nahakikisha anapata mara nyingi za kutosha ndio siku ya kukosa asivunjike moyo. Mbwa aliyelipwa vizuri miezi sita anaweza kukukopesha asubuhi moja. Yule wa kuvutwa, siku ya mashindano mkono wako uko meta 10 nyuma na mnyororo hakuna. Anategemea nini? Hofu inataka mtu wa kuisimamia.

Na kama bado unaona huu ni mchezo wa watu wenye muda, kumbuka kuna mbwa hapa Kenya wanafanya hii kazi kwa ukweli. Mara Triangle na Amboseli kuna mbwa wanaofuata nyayo za majangili pamoja na walinzi. Pale mbwa akidanganya kwa kuogopa, akishusha pua tu kwa sababu mtu yuko nyuma na kamba, walinzi wanatembea usiku kuelekea mahali hakuna mtu. Unataka mbwa anayekwambia ukweli, hata ukweli wenyewe ukiwa "nimeipoteza". Aliyepigwa kwa kupoteza njia hatakwambia amepoteza.

Hapo ndipo mimi hushikwa, kwa sababu hiyo naijua bila kuambiwa. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitasema ni chuo kipi. Ila nakumbuka kukaa nyuma ya darasa miezi mitatu bila kuelewa chochote na bila kuuliza, kwa sababu aliyeuliza kabla yangu alichekwa na mhadhiri mbele ya watu mia mbili. Kichwa changu kilikuwa chini, kama ninaandika. Ukipita ungesema huyu kijana anasoma sana.

Na nikatoka huko nikaingia kwa kazi za mitandao, ambapo kila mtu anataka umfanyie tangazo halafu akulipe kwa "kujulikana". Wewe unayeniambia Njugu afanye kazi kwa heshima ndiye huyo huyo uliyelia wiki jana kwamba umefanya kazi ya mteja na hajakulipa. Nilikuona. Kwani heshima haikutosha?

Jumapili Njugu alipata soksi, akapata glavu, na kona ya mwisho aliikosa kabisa kwa sababu mbuzi za mzee zilikuwa zimepita hapo. Alisimama, akazunguka, akainua kichwa akaniangalia. Hakuangalia mkono wangu. Aliangalia uso. Alikuwa ananiambia imepotea. Nikamrudisha hatua kumi nyuma, akaanza tena, akaipata, nikamlipa. Tukawa wa nne kati ya saba.

Yule mzee wa mbuzi alikuwa bado amesimama. Akaniuliza hayo maini nanunua wapi. Anasema nyumbani ana mbwa mmoja, amefungwa na mnyororo miaka mitatu.

Nilimpa yaliyobaki. Nyinyi wengine mjinunulie.