Nembo Isikalie Jina la Mtunzi

Washairi wenzangu na wapenzi wa Kiswahili, liko jambo linalotendwa kila siku mbele ya macho yetu, nasi tumelinyamazia. Shairi la mtu huandikwa juu ya picha nzuri, kisha msambazaji huitwika picha hiyo nembo yake katika pembe ya chini, upande wa kulia. Hapo ndipo ulipo ubeti wa mwisho. Na ubeti wa mwisho ndimo watunzi wetu wengi, tangu kale, wanamotaja majina yao. Nembo hulikalia jina. Wenyewe huuita ulinzi wa shairi. Mimi nauita unyang'anyi.

Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi, mwaka 1858, mwishoni alitaja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa utunzi. Fikirini beti hizo zingefunikwa kwa muhuri wa mwenye duka la vitabu, na nakala hiyo pekee ndiyo ikatufikia. Leo tungemwita nani?

Watetezi wa desturi hii husema: "Ni programu inayoweka nembo, si sisi." Basi na tuitazame kazi ya programu. Picha ya kompyuta ni vinukta, yaani pikseli, na kila kinukta kina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Nembo angavu iliyohifadhiwa kwa muundo wa PNG huwa na namba ya nne, alfa. Penye 0 nembo haionekani. Penye 255 huziba kabisa. Kati ya hizo huwa kama ukungu wa maporomoko ya hapa kwetu Rusumo: unauona ukungu, na ng'ambo ya Rwanda unaiona vilevile. Msimbo huchukua rangi ya nembo kwa kadiri ya alfa, na iliyosalia huijaza kwa rangi ya picha ya chini.

Je, mahali? Kwa kawaida hesabu huanzia pembe ya juu kushoto. Ili nembo ifike chini kulia, mwandishi wa msimbo hana budi kutoa upana wa nembo katika upana wa picha, na kimo chake katika kimo cha picha. Pembe ile haikuja kwa bahati, ilipigiwa hesabu.

Wengine hujitetea kwamba nembo ni angavu, hivyo jina linasomeka. Herufi ndogo chini ya nembo nzito husomwa na anayelijua jina tayari. Tena picha ikishahifadhiwa, rangi zimekwisha changanyika. Aipokeaye hawezi kuibandua nembo kama karatasi. Na kwa kuwa msimbo mmoja hutia nembo picha mia kwa mkupuo, kosa moja la mahali hufunika majina mia.

Sipingi nembo. Anayegharimika kusambaza ushairi ana haki ya kujitambulisha. Lakini dawa ni nyepesi: msimbo uunde picha ndefu kidogo, shairi libandikwe juu, na katika ukanda uliosalia chini vikae jina la mtunzi na nembo ya msambazaji, bega kwa bega. Ni mistari michache tu. Asiyetaka kuiandika hakukosa ufundi; amekosa heshima.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa katika kazi yake. Hata hivyo tusingoje mahakama. Shairi lililofunikwa jina, tusilisambaze. Tumrudishie aliyelileta, tumuulize: la nani?

Nembo ikae pembeni, jina lisifunikiwe,
Mtunzi tumthamini, sifa yake apatiwe,
Nikaapo mpakani, Rusumo nitambuliwe,
Shairi si la njiani, apitaye achukuwe.